Inchi Nne za Sauti ya Mama

Wasomaji wa ukurasa huu wataniwia radhi kwa kimya changu cha wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa, alhamdulillahi, wala sikuitupa kalamu. Nilikuwa Isinya.

Najua watu wa kwetu watauliza, "Isinya ndiyo wapi?" Hata mimi ningaliuliza vivyo hivyo kabla binti yangu hajapelekwa kusomesha huko. Ukitoka Mombasa kwa basi, ukifika Athi River huendelei na safari ya Nairobi. Hushuka hapo, ukapanda matatu ya njia ya Namanga. Utapita Kitengela, mji uliojaa maduka na nyumba za ghorofa, kisha majumba yatapungua, nchi itafunguka, na utaona majani, migunga, mbuzi na kondoo, na seng'enge za watu waliogawana viwanja. Kabla hujafika Kajiado, ndiyo Isinya yenyewe. Ni nchi ya Wamaasai, na upepo wake hauna adabu: huingia nyumbani pasi na hodi, ukakuta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai.

Wala tusidhani kuwa watu wa pwani ni wageni kabisa wa upande ule. Barabara itokayo Isinya ikapitia Kiserian hufika Ngong, na Ngong katika karne ya 19 ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara ya pembe iliyotoka Mombasa na Pangani. Hapo wapagazi walinunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari. Joseph Thomson, yule Mskochi aliyeandika kitabu juu ya nchi ya Wamaasai, alipopita huko mwaka 1883 alikuwa pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliyeijua njia hiyo kabla yake. Basi wazee wetu walitangulia kwa miguu, nami nimefuata kwa matatu.

Safari yangu haikuwa ya pembe. Mwenyezi Mungu alimruzuku binti yangu mtoto wa kike. Mke wangu alitangulia kwenda kumwangalia mzazi, akachukua vitu vyote vya ada yetu: mafuta ya nazi, liwa, udi na ubani, na pilipili manga za kupikia mchuzi wa mzazi. Mimi nikafuata siku ya sita ili niwahi akika. Na kwa kuwa mama alichukua vyake, mimi pia nilichukua vyangu: redio kaseti yangu ya zamani, sanduku la kaseti, na vitabu vitatu.

Nilisema moyoni: mjukuu wangu huyu amezaliwa mbali na bahari. Majirani zake watasema naye Kimaasai, Kikuyu na Kikamba, na Kiswahili atakachokisikia ni kile cha stendi ya matatu. Basi mimi nitampelekea pwani ndani ya sanduku.

MBUZI WA JIRANI

Akika ilikuwa siku ya pili ya kufika kwangu. Mkwe wangu alikwisha kuagana na jirani yake, mzee wa Kimaasai, juu ya mbuzi. Nikaenda nao kumtazama, nikaanza kupatana kama nilivyozoea sokoni Kongowea: nikamtia mbuzi ila ya mguu, nikamtia ila ya pembe, nikataja nusu ya bei. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitaja tena bei yake ile ile, akanyamaza, akatazama mlima. Nikatoa fedha.

Mkwe wangu alimchinja mbuzi kisharia, mtoto akanyolewa nywele, akapewa jina la marehemu mamangu. Jirani yetu alikuja na watu wa nyumbani kwake, wakala nasi pilau. Mkewe alileta kibuyu cha maziwa kumpa mzazi. Mke wangu alipokifungua alisita, akakinusa mara ya pili. Kilikuwa kinanukia moshi. Tukaelezwa kuwa vibuyu vyao husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa mzeituni wa mwituni, ili maziwa yakae na yapate harufu nzuri. Mke wangu, ambaye hawezi kulala pasi na kufukiza chumba, alifurahi kama aliyekutana na jamaa yake. "Kumbe na wao hufukiza!" akasema. Akamwonesha yule mama chetezo chake na vijiti vya udi, wakakaa wawili hao wakinusishana mpaka alasiri.

Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa kwa hofu ya kwamba mjukuu wangu amezaliwa ugenini. Naungama kuwa jioni ile hofu ilipungua kidogo. Lakini sanduku langu nililifungua vivyo hivyo.

VILIVYOKUWAMO SANDUKUNI

Vitabu vilikuwa diwani ya Muyaka bin Haji, "Malenga wa Mvita" ya Ustadh Ahmad Nassir, na "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla. Kaseti zilikuwa za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Malika. Nikazipanga juu ya meza, nikamngoja mkwe wangu astaajabu.

Hakustaajabu. Ni kijana mwema, hakutaka kunivunja moyo, lakini alisema, "Baba, nyimbo hizi zote zimo ndani ya simu." Akaandika jina la Juma Bhalo, na Juma Bhalo akatoka. Akaandika Zein, na udi wa Zein ukalia katika chumba cha Isinya kama vile mwenyewe, aliyefariki mwaka 2016, amekaa nasi mkekani. Nikamjaribu kwa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kutia sauti katika santuri mwaka 1928. Hata yeye akatoka, pamoja na mkwaruzo wa sindano.

Usiku ule tulisikiliza mengi. Nilimweleza mkwe wangu jinsi Juma Bhalo alivyokuwa akizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha maneno ya Kiswahili, na kwamba mengi katika maneno hayo yalitungwa na Ahmad Nassir, jamaa yake. Wako wanaosema kuwa huko kulikuwa ni kuiga tu. Mimi sikubali. Tuni ilikuja kwa jahazi la sinema, lakini mtu wa Mji wa Kale alipousikia wimbo wa Bhalo hakulia kwa sababu ya Bombay. Alilia kwa sababu ya neno lililomgusa, lililopimwa mizani na kupangwa vina kwa lugha ya mamake. Nguo ya kununua, mwili wetu.

Lakini ilikuwako kaseti moja ambayo haikuwamo katika simu ya mkwe wangu, wala katika simu ya mtu yeyote duniani.

SHOLAY NA VUGO

Kwanza niwarudishe nyuma. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mwalimu wetu alituhifadhisha juzuu kwa mwanzi, Mungu amrehemu, na sinema aliiona ni mlango wa upotofu. Sisi watoto tulimwitikia "naam", na siku ya sikukuu tukenda zetu Regal ama Naaz na senti za idi. Ndipo nilipoiona "Sholay", iliyotolewa mwaka 1975, pamoja na Amitabh Bachchan na Dharmendra, na yule mwovu Gabbar Singh aliyechezwa na Amjad Khan. Filamu hiyo ilipendwa hata maneno yake matupu, bila ya picha, yakatiwa katika santuri na kaseti na kuuzwa. Mimi nilikuwa nayo kaseti hiyo. Hatukujua Kihindi, lakini tulimjua Gabbar kwa moyo, kicheko kwa kicheko.

Mwaka 1987 dadangu aliolewa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, nami nilikuwa nimepata redio kaseti. Usiku wa vugo wanawake walikusanyika ndani, wakipiga pembe na kuimba, na mamangu akaghani beti sita alizozitunga mwenyewe kumuusia bintiye. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia. Nikampa binamu yangu wa kike ile redio aifiche chini ya kiti. Kaseti tupu sikuwa nayo, fedha sikuwa nazo. Nikachukua kaseti ya Gabbar Singh, nikaziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi kama tulivyokuwa tukifanya, na mama akaandikwa juu ya jambazi.

Mamangu alisoma Kurani na aliandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini mashairi yake hakuyaandika. Aliyatunga akipepeta mchele, akayaimba harusini, yakesha. Mara nyingi nilimwambia, "Mama, kaa nikuandike." Akasema, "Kesho." Na mimi pia nikasema kesho. Nikawa mwandishi, nikaandika maneno ya mawaziri, ya madiwani, ya manahodha na ya wachezaji mpira. Maneno ya mamangu sikuyaandika. Alifariki mwaka 2003, na tangu siku hiyo sikuthubutu kuitia kaseti ile katika redio. Nikisema nitaisikiliza siku moyo utakapotulia.

Moyo ulitulia Isinya, mbele ya mtoto aliyepewa jina lake.

UTEPE WALIWA

Ilikuwa usiku, upepo unagonga mabati. Binti yangu amempakata mwanawe, mke wangu anakunja nguo. Nikabonyeza. Kwanza ikasikika zogo la wanawake, kisha pembe zikatulia, kisha mamangu akaanza. Sitaeleza nilivyohisi, aliyefiwa anajua. Beti ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Katika beti ya nne, mshororo wa tatu, sauti ikazama, ikawa nzito kama ya mtu anayesema kisimani, kisha kimya. Nilipofungua kifuniko, utepe ulikuwa umejizungusha katika kigurudumu cha mpira, umetafunwa na kukatika.

Nilikaa kitako sakafuni nikiushika ule utepe kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema neno. Hata mtoto alinyamaza.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa simu hapo Isinya. Kijana yule aliigeuza kaseti juu chini, akaniuliza, "Babu, hii inafungukia wapi?" Hakuwa na makosa, umri wake haukuifikia. Alinielekeza kwa fundi wa zamani wa redio huko Kitengela. Huyo nilimkuta ni mtu wa makamo yangu, kibanda chake kimejaa maiti za redio. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Mzee, hii tepu imeliwa. Hapa hakuna la kufanya ila kukata."

Nikamwambia mle mna mamangu. Akaweka koleo chini. Akanieleza kwa upole kwamba sauti haimo katika plastiki, imo katika ile rangi ya kahawia iliyopakwa juu yake, na palipotafunwa rangi yote imebanduka. Akakata kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa kipande chembamba cha selotepu upande wa nyuma. Alifanya kazi ile kwa muda wa saa nzima, akakataa kuzidisha bei. Kile kilichoharibika alikifunga katika karatasi, akanipa mkononi. Tulikipima kwa rula yake: inchi nne.

Nikiwa katika matatu ya kurudi, kichwa changu kilianza hesabu. Utepe wa kaseti hukimbia kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kila sekunde. Inchi nne ni sentimeta kumi na kidogo. Basi nilichopoteza ni sekunde mbili na chembe. Mtu mwingine atasema sekunde mbili si kitu. Lakini mwenye kujua shairi anajua kuwa mshororo wetu una vipande viwili, kila kipande mizani nane, na mtu akighani kwa mwendo aliokuwa nao mama, sekunde mbili ndiyo kipande kizima.

Usiku tuliisikiliza tena. Mama alighani, akafika pale palipoungwa, akaruka, akaendelea mpaka mwisho. Vigelegele vikapigwa. Na vigelegele vilipokwisha, akatokea Gabbar Singh, mzima, hana jeraha, anacheka kicheko chake. Mkwe wangu aliangua kicheko, kisha akajizuia akiona haya. Nami nikacheka, kwa kuwa mama mwenyewe angalicheka.

Beti ile ya nne sasa iko hivi:

Mwanangu ukenda mbali, shika sana ada yako,
Wa bara na wa sahili, wote ni jamaa zako,
Kula nao cha halali, . . . . . . . .
Nami kwa Mola Jalili, naiomba heri yako.

KUZIBA PENGO

Mimi ni mtunzi, na mtunzi akiona pengo mkono humwasha. Kipande kilichopotea kinajulikana kimo chake: mizani nane, na kinaishia kwa "ko". Haikunichukua hata dakika moja. Nikaandika: "uwape na wao chako". Maana imetimia, kina kimekaa, mizani imetosha. Nikamsomea mke wangu kwa majivuno.

Hakuacha kukunja nguo. "Hilo ni lako, bwana," akasema. "Mama hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'usiwanyime cha kwako'."

Nikahesabu kwa vidole: mizani nane, kina "ko". Nikamuuliza amejuaje. Akaniangalia kama amwangaliaye mtoto. "Mimi nilikuwamo chumbani," akasema. Na kweli. Alikuwa msichana wa mtaani petu, katika waliokuwa wakiitikia na kupiga pembe. Mimi nilikuwa nje ya ukuta. Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani kuwa sauti ya mama iko katika sanduku langu, na shahidi aliyeisikia analala nyumba moja nami, sijamuuliza hata siku moja.

Nikataka kuandika neno lake papo hapo. Lakini akaongeza jambo lililonitatiza zaidi. "Ila mama hakuwa akisema sawasawa kila harusi," akasema. "Beti ile aliiimba hata kwa binti wa jirani, akageuza hapa na pale. Huenda hili nililisikia huko." Ndipo nikaweka kalamu.

Sipendi kulinganisha maneno ya mamangu na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha. Lakini mtu aliyesoma chuoni hawezi kufikiri juu ya kuhifadhi bila ya kukumbuka kisa cha Yamama. Katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar waliuawa mahafidhi wengi katika vita vile, na Sayyidna Umar akashauri Kurani ikusanywe pamoja katika maandishi. Abubakar alisita kwanza. Zayd bin Thabit alipopewa kazi hiyo alisema kwamba kuamrishwa kuhamisha jabali kungalikuwa kwepesi kwake kuliko hilo. Akaifuatilia katika makongo ya mitende, katika mawe ya bapa na katika vifua vya watu, naye mwenyewe alikuwa ameihifadhi. Somo ninalolichukua hapo ni la unyenyekevu: ajuaye kwa moyo aliandika, na aliyeandika alitafuta mashahidi.

Na katika ushairi wetu, tutazame yaliyompata Muyaka. Alifariki mwaka 1840 au karibu yake, na tungo zake zilikuwa midomoni mwa watu wa Mvita. Zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kwa watu waliozikumbuka, naye mmisionari William Taylor akazinakili pamoja naye. Diwani ikapigwa chapa na Hichens huko Afrika Kusini mwaka 1940, miaka mia baadaye. Lau Mwalimu Sikujua angalisema kesho, tungelikuwa leo tunataja jina la Muyaka bila ya kujua alisema nini. Na "Utendi wa Mwana Kupona", uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya bintiye, haukuokolewa na serikali. Uliokolewa na wanawake waliouhifadhi na kuunakili.

Wahindi nao, ambao tuni zao zilitulea, wamepata msiba wao. Filamu yao ya kwanza yenye sauti, "Alam Ara", ilioneshwa Bombay mwezi wa Machi 1931, na watu walijazana mlangoni hata polisi wakaitwa. Ilikuwa na nyimbo saba. Leo haijulikani nakala yake hata moja. Nchi ya mamilioni ya watu imeupoteza wimbo wake wa kwanza wa sinema. Nani basi atakayejiona salama na kaseti moja ya dakika sitini?

Hata ile "Sholay" yangu ina jambo. Sisi watoto wa Mombasa tuliona mwisho wake kwamba polisi wanatokea na kumzuia Thakur asimwue Gabbar. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa huo haukuwa mwisho uliotengenezwa kwanza. Katika ule wa asili Thakur alimwua, na wakaguzi wa filamu wa India wakaukataa, ukapigwa picha mwisho mwingine. Miaka na miaka nilikuwa nikisimulia kisa kile nikiamini kuwa ninakijua, kumbe nilikuwa nimepewa kiraka. Kilikuwa kizuri, wala hakikuonesha mshono.

Hilo ndilo lililonitisha juu ya kipande changu. "Uwape na wao chako" hakina mshono. Mjukuu wangu angalikisoma na kudhani kuwa ni neno la bibi yake aliyepewa jina lake, na kumbe ni neno la babu yake aliyechelewa.

TULICHOANDIKA

Basi tulifanya hivi. Nilinunua daftari dukani Isinya. Nikaandika beti sita, upande mmoja kwa herufi za Kizungu, upande wa pili kwa herufi za Kiarabu kama mama alivyokuwa akiandika barua zake. Pale katika mshororo wa tatu wa beti ya nne nikaweka nukta nane, moja kwa kila mizani. Chini nikaandika: "Hapa utepe ulikatika Isinya. Bibi yako akumbuka 'usiwanyime cha kwako', lakini hana yakini. Babu yako adhani 'uwape na wao chako', naye hakuwamo chumbani." Na yale maneno ya mke wangu nikayatanguliza juu ya yangu, kwani shahidi aliyekuwako hushinda fundi asiyekuwako. Kile kipande cha inchi nne nimekibandika katika ukurasa wa mwisho.

Kisha mkwe wangu, ambaye sanduku langu halikumshangaza, alifanya jambo ambalo mimi nisingaliliweza. Aliiweka simu yake karibu na redio, akairekodi sauti yote tangu pembe za mwanzo mpaka kicheko cha Gabbar, akaipeleka kwa dadangu Mombasa, kwa binamu yangu aliyeificha redio chini ya kiti, na kwa wanangu wote walipo. Dadangu alinipigia simu usiku huo. Hakusema lolote, alilia tu, kisha akaniuliza, "Kwani mama alighani beti sita? Mimi nakumbuka saba."

Nimemwambia aiandike hiyo ya saba leo, kabla hajalala. Asiingoje Idi wala mimi nirudi.

Arubaini ya mzazi ilipokwisha tulifunga safari. Yule mzee jirani alikuja kutuaga, akatupa kibuyu kitupu kiwe ukumbusho, na mke wangu akamwachia mkewe chetezo. Tangu turudi nyumbani kibuyu kiko kabatini, na kila kabati likifunguliwa chumba hunukia moshi wa Isinya.

Usiku wa mwisho nilimsikia binti yangu chumbani akimbembeleza mwanawe. Alikuwa akighani ile beti ya nne. Alipofika penye pengo hakusema langu wala la mamake. Alivuma tu kwa pua, mizani nane, kisha akaendelea.

Msomaji wangu, nyumbani kwako pia pana kaseti juu ya kabati, au pana mama, shangazi au somo anayejua jambo ambalo halimo katika simu ya mtu yeyote. Usingoje moyo utulie. Nenda kwake wiki hii, umchukulie halua kidogo, ukae kitako na daftari. Na pale asipokumbuka, weka nukta.